Kituruki cha Zizini

Mwaka wa hamsini na nne, kwa miezi mitano, Mghoi alijifunza Kituruki zizini kwao Werugha. Mama mmoja Mturuki wa Voi alikuwa aende naye Istanbul akamlelee watoto, basi kila akikamua alimwambia ng'ombe "gel" aje, na "dur" atulie.

Alasiri moja barua ikafika. Yule mama na wanawe walishapanda meli na yaya mwingine.

Hakulia. Alisimama tu kando ya shamba, vidole vyake vya mafuta ya kukamulia vikichafua karatasi.

Mama yake alikuwa akimwita ng'ombe kwa Kidawida, lugha ya kwao, na ng'ombe hata hageuki.

"Huyu amekuwa kiziwi," mama alisema. "Hebu mwite wewe, mwanangu."

Mghoi alimgeukia ng'ombe.

"Gel," akasema.

Ng'ombe aliacha nyasi, akaja moja kwa moja, akaulamba mkono wenye barua.