Lori Linalokula Oili

Kadibodi ilikuwa kavu tena.

Mke wa dereva aliivuta kutoka chini ya lori, akaigeuza upande huu na huu. Jana jioni aliitandika mwenyewe, usawa wa injini, na lori likalala juu yake mpaka kukakucha. Hata doa la oili halikuwepo.

"Limekula yote," mumewe alisema kutoka upande wa pili, akifunika boneti. "Nenda dukani."

Lori lenyewe mumewe aliliita Ajuza. Lilikuwa limetembea mpaka namba za kwenye dashibodi zikachoka kuhesabu, na mwaka huu maradhi yote yalilivamia kwa mkupuo. Taa zilikuwa hafifu. Dereva alibadilisha globu mara mbili, bado hafifu. Kioo cha mbele kiliingia ukungu usiotoka kwa sabuni wala kwa majivu. Usukani ulivuta kushoto, ndiyo maana nguzo ya geti ikakwanguliwa. Halafu likaanza kula oili, na hilo ndilo lililomnyima mzee usingizi. Siku hizi akiendesha, akili yake yote iko kwenye injini, hata rafiki zake wakimpungia mkono barabarani anawapita kama hawajui. Wanasema anaringa. Aringie nini, masikini wa watu?

Mkewe aliogopa, wala hakuficha kwamba anaogopa. Nyumba ni ya kupanga. Watoto wana mizigo yao. Mchanga na matofali ya watu ndivyo vilivyowalisha miaka yote hiyo, na tajiri wa matofali alikwisha kusema: siku lori litakapomwangushia mzigo njiani, atatafuta lingine. Ajuza akifa, na wao wamekwisha.

Alitumwa yeye dukani kwa sababu mumewe na muuza oili walikuwa hawasemezani. Mara ya mwisho mzee alirudi na kopo la oili ya gia, akaapa kwamba kauziwa makusudi. Muuzaji naye akaapa kwamba mzee alilichukua rafuni kwa mkono wake mwenyewe.

"Ajuza hajambo?" muuzaji aliuliza.

"Hajambo wapi, kaka. Anakunywa kuliko mlevi."

"Anavuja?"

"Kadibodi kavu."

"Moshi?"

"Moshi upo, wa buluu. Ila umeanza juzi juzi tu."

Muuzaji aliacha kupangusa kaunta. "Kumbe oili ilianza kupungua kabla ya moshi?"

"Zamani. Tangu alipomwaga ile nyeusi akaweka mpya."

"Sasa mama, hiyo haiwezekani. Oili ina milango miwili tu. Ama inadondoka chini, ama inaungua inatoka moshi. Haipotei hewani."

"Kwetu inapotea."

Muuzaji alipanda kwenye kigoda, akashusha makopo matatu na kuyapanga mbele yake. Ile nyepesi akaisogeza kando mwenyewe. Hiyo ni ya magari mapya, kwa ringi za pistoni zilizolika itapita kama maji kwenye chujio. Ya katikati ni namba arobaini, ambayo Ajuza alikuwa akiitumia siku zote. Ya tatu ilikuwa hamsini. Muuzaji aliliinamisha kopo, akasikiliza oili inavyojikokota ndani.

"Hii ni nzito. Itanyamazisha kelele, na moshi utapungua. Asubuhi zenye baridi injini itaamka kwa tabu, lakini itaamka. Nikuambie ukweli lakini, mama. Kwa injini iliyochoka, hii ni sawa na kumwekea mgonjwa mto. Haiponyi."

"Lakini atalala?"

"Kwa muda."

Akalichukua hilo. Muuzaji alimfuata mpaka mlangoni. "Na msimimine tu hivi hivi. Kwanza muone imepungua kiasi gani. Angalia wewe mwenyewe. Ikizidi, nayo ni ugonjwa."

Njia nzima alilikumbatia kopo kifuani na neno moja likizunguka kichwani: kwa muda. Wiki? Mwezi? Na baada ya hapo? Machozi yalimjia, akayafuta kwa ncha ya kanga kabla ya kuingia getini, maana mzee alikuwa na yake ya kutosha.

Alimkuta amepanda kwenye bampa, anasugua kioo cha mbele kwa gazeti na maji.

"Umeleta ipi?"

"Hamsini."

Aliteremka taratibu, akitafuta ardhi kwa mguu, akalipapasa kopo na kucheka kidogo. Mkewe alikuwa hajamsikia akicheka muda mrefu. "Hapo sasa. Mimi sina kasoro yoyote, mke wangu. Ningepata injini nzima, ningeendesha miaka kumi mingine."

"Kwanza pima nione."

"Si nimepima asubuhi?"

"Mwenye duka kasema niangalie mwenyewe."

"Huyo mwenye duka," mzee alisema, lakini akafunua boneti.

Alikipangusa kijiti cha kupimia kwa kitambaa, akakizamisha mpaka mwisho, akakichomoa na kutoka nacho juani ili mkewe aone vizuri. Oili mpya, safi kama asali, ilikuwa imekivaa kijiti chote: imepita alama ya chini, imepita ya juu, imekaribia vidole vyake. Tone likamwangukia kwenye kiatu, likafuatiwa na lingine.

"Umeona mwenyewe?" alisema, kijiti amekisogeza mpaka puani. "Kavu. Lete kopo."