Mistari ya Kuni

Kidude kile alipewa Vaileth, lakini asubuhi kilikuwa kinaning'inia shingoni mwa mumewe, Gadiel.

"Baba Godbless, hicho ni changu. Mtaalamu kasema tuvae sisi akina mama tunaokwenda kuni, setilaiti ituone tunakopita."

"Mke wangu hafuatwi na setilaiti kama tembo wa hifadhini! Nitavaa mimi, nitapita njia zako zote. Wewe tangulia, niko nyuma yako."

Kijiji kizima, hapa mteremkoni mwa Meru, waume wote wakashikwa na huruma hiyo siku moja, wakavaa vidude vya wake zao. Ajabu kabisa.

Mradi ulikuwa na mtambo mmoja tu wa gesi ya kinyesi cha ng'ombe, pamoja na jiko la wote. Ungejengwa pale ramani itakapoonyesha nyayo za akina mama zinakutana zaidi. Vaileth hakuhitaji ramani. Zinakutana njia panda ya msituni, pale anapotua mzigo na kushika kiuno. Daktari alishamkataza kubeba mizigo. Apikie nini, hilo hakulisema. Lakini utaalamu haumuulizi mtu anayejua tayari, tena bila malipo.

Wiki nzima Gadiel alitoka mapema, akarudi jioni hoi, macho mekundu.

"Kuni ni kazi, mama," alisema, akalala na viatu.

"Mbona njiani sikukuona?"

Alikuwa ameshaanza kukoroma.

Jumapili, watu walipotoka ibadani, Reginald, mtaalamu wa ramani, akatundika karatasi yake kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa. Imejaa mistari myekundu.

"Nimezunguka mikoa mingi, sijaona wanawake wanaoteseka hivi. Wote mnaishia sehemu moja, mnashinda hapo kutwa! Na tazameni mistari ya kurudi nyumbani inavyoyumba. Mizigo gani hiyo, jamani?"

Wanaume walikuwa wanakagua dari.

"Na njia panda ya msituni?" Vaileth aliuliza.

"Huko, mama yangu, hapiti mtu." Akabandika alama ya kijani kule chini bondeni. "Mtambo utakaa hapa. Mwenye kiwanja hiki yupo?"

Theresia, muuza pombe ya mbege, alisimama, akajifunga kanga vizuri, akamshukuru mtaalamu kwa niaba ya akina mama wote.