Mshale wa Oili

Kabla ya kuvua viatu, kabla hata ya kumchungulia mtoto, aliingia kwenye gari kuukuu la mumewe, akawasha injini na kuukodolea macho mshale wa oili.

Mshale ulipanda kidogo, ukasita, ukashuka karibu na sifuri. Injini ikaanza kugonga: tiki, tiki, tiki.

"Siku hizi umekuwa trafiki?" Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Gari lilikwenda wapi?"

"Liende wapi, Mama Honi? Nimeliwasha kidogo tu, betri isilale."

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Kiuno cha mtu alikipima kwa jicho, lakini kwenye injini hakujua mbele wala nyuma. Hakujua kwamba oili baridi ni nzito na husukuma mshale juu, na kwamba mshale haushuki namna ile mpaka injini iwe imeunguruma kwa muda mrefu. Mkewe alijua. Alikuwa akisoma ufundi wa magari darasa la jioni, mwanamke peke yake kati ya wanaume.

Kiuno cha mtu. Hapo ndipo palipomchoma. Kulikuwa na mteja mmoja wa gauni la kijani, gauni lisiloisha kurekebishwa, leo libanwe, kesho lilegezwe, na kicheko cha mwenyewe kilifika mpaka jikoni.

Halafu mtoto. Walimbandika jina la Honi kwa jinsi alivyolia; kumlaza ilikuwa vita. Lakini siku za darasa mama mtu alirudi na kumkuta amelala fofofo, amevishwa soksi kama mtu aliyetoka safari. Soksi moja aliiokota chini ya kiti cha gari. Mikono ya nani hiyo, iliyojua kumbembeleza mwanawe kuliko yake? Alimnusa nywele, shingo, viganja. Mtoto alinukia maziwa tu, na wivu haukumtoka.

Siku zisizo na darasa, mshale ulitulia mahali pake.

"Mwalimu," aliuliza jioni iliyofuata, "kuna gari la jirani yangu. Mshale wa oili unashuka sana jioni."

"Oili ipo?"

"Ipo. Nimechomoa kijiti nikapima."

"Na kipimo chenyewe umekishuku? Mshale nao unajua kusema uongo."

"Nilifunga ile geji ya presha niliyoazima hapa karakana. Jibu lile lile."

"Asubuhi je?"

"Unapanda vizuri tu."

"Basi injini ni nzima. Oili imechemka, hakuna zaidi. Huyo jirani yako anakwenda mbali."

"Kilomita chache mno, Mwalimu. Nimeziangalia."

"Dada, huyo jirani analala upande gani wa kitanda?" mwanafunzi mmoja akadakia kutoka nyuma, na karakana nzima ikaangua kicheko.

Wanaume hawa walikuwa wamemcheka tangu siku ya kwanza, mumewe alipomshusha langoni huku Honi akipiga kelele kiti cha nyuma. "Fundi gani analetwa kama mtoto wa chekechea!" Usiku ule alimwambia mumewe asimlete tena, asimfuate, hata mvua ikinyesha ya mawe. Mumewe alimtazama, akasema haya. Tangu hapo alikwenda na kurudi kwa miguu. Njia haikuwa mbaya. Hata pale kwenye ukuta mrefu wa kiwanda, pasipo na taa, hakukosekana gari la kummulikia mpaka anapokata uchochoro wa ngazi.

Mwalimu alikuwa bado anafuta mikono kwa kitambaa, anafikiri.

"Kilomita chache, na oili imechemka," alisema. "Basi hilo gari haliendeshwi, linatambaa. Gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Huyo jirani yako, mama, anamsindikiza mtu."

Anamsindikiza mtu. Aliliona gauni la kijani likitembea kwa madaha kando ya barabara, na gari likilifuata pole pole, kioo kimeshushwa, vicheko vinaingia na kutoka. Na Honi wake yumo ndani, amelala kwa raha zake kama vile hana mama.

Hakusikia tena lililofundishwa. Begi la mtoto lilikuwa chini ya kitanda tangu asubuhi, limejaa nepi na vinguo. Alikuwa amelipanga huku akijiambia ni la tahadhari tu. Sasa alijua. Akifika atalichukua, atambeba Honi mgongoni, na waende kwa bibi yake. Asubuhi mume atabaki na mshale wake, na mteja wake.

Alitoka akitembea haraka, karibu kukimbia. Kwenye ukuta wa kiwanda machozi yalimziba macho, akakanyaga kamba ya kiatu chake mwenyewe, nusura aanguke. Njia ilikuwa inang'aa mbele yake kama kawaida, kivuli chake kirefu kikitangulia.

Akainama kufunga kamba.

Mwanga nyuma yake nao ukasimama. Na katika ukimya ule, injini ikaanza kugonga: tiki, tiki, tiki.