Neno la Bibi wa Kitanda cha Tisa

Daktari alishasema bibi yule asiyejulikana kwao hafiki alasiri, naye alibakiwa na neno moja tu: "Ma." Nesi Mwanasiti hakutaka afe bila kupata alichoomba, basi akaita watu wa sokoni wenye lugha mbalimbali, huenda mmoja akalielewa.

"Anataka maji," akasema Mwarabu muuza kahawa. Bibi akanyweshwa maji, akayatema.

"Anamwita mama yake," akasema Mhindi wa vitambaa.

"Kwetu ni farasi," akasema Mchina wa vyombo.

"Basi mlete, kaka, tumpandishe bibi!" akatania Mwanasiti. Wakacheka, wakarudi madukani.

"Ma," bibi akaita tena, akinyoosha mkono.

"Abee," akaitikia Mwanasiti, kama alivyofunzwa utotoni kumwitikia mkubwa.

Bibi akamtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akayahamishia macho yake mlangoni kama anayemngoja mwingine, mkono ukiwa bado umenyooshwa.