Kabla ya Makato au Baada

"Muulize hiyo hela ni kabla ya makato au baada."

Mkewe alinong'ona, kidole chake kikiwa bado kwenye kitufe cha kuzima sauti. Simu ilikuwa katikati ya meza, spika imewashwa, na wote watatu walikuwa wameiinamia: fundi lifti, mkewe, na mama yake fundi aliyefika tangu asubuhi kuja kusikiliza bahati ya mwanawe. Kidole kikaondoka.

"Samahani, bosi," fundi akasema. "Huo mshahara mlioutaja, ni kabla ya makato au baada?"

Upande wa pili kukawa kimya. Fundi akaomba kimya hicho kirefuke mpaka simu ikatike.

Ukweli ni kwamba hakutaka kwenda. Kazi yenyewe haikumtisha. Lifti ni lifti hata ukiipeleka ng'ambo. Lakini mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, bila familia, na binti yao, ambaye saa hiyo alikuwa chini ya meza anajifunza kusimama kwa kung'ang'ania suruali ya baba yake, angekuja kumwita mjomba. Siku ofa ilipofika, fundi alijikaza kiume akasema atakwenda, huku akingoja mkewe amwambie usiende. Hakumwambia. Mkewe alikuwa karani wa mishahara kwenye kiwanda cha magodoro, na tangu siku hiyo hakuwa na hadithi nyingine ila posho na makato. Nyumba yao imeishia kwenye linta, paa halijulikani litatoka wapi. Mwanamke ameipenda hiyo hela, fundi alijiambia. Basi heri wanikatae wao wenyewe.

"Kabla," meneja akajibu. Alikuwa mtu wa lugha yao, aliyehamia huko zamani, na sauti yake ilikuwa kavu. "Kodi na bima vinatoka humo humo."

Kidole kikarudi kwenye kitufe. "Mwambie hiyo unataka iingie mkononi nzima. Makato wayabebe wao."

"We mkwe!" mama akamaka. "Utamponza mwanangu na tamaa zako! Watu wanaililia nafasi hii, wewe unafanya mnada?"

"Mama, niachie. Hii ndiyo kazi yangu."

Fundi akasema alivyoambiwa, ulimi mzito. Meneja akashusha pumzi. Karatasi zikasikika zikifunuliwa.

"Haya. Makato tutayabeba."

Mama akataka kupiga kigelegele, akakizima kwa kiganja. Mkewe hata tabasamu hakutoa. Alikunja uso kama mtu aliyekosea hesabu, kisha akabonyeza tena.

"Sasa msingi. Mshahara wa msingi wameuweka kiduchu, wakaujaza posho ya nyumba na chakula ili uonekane mnono. Saa za ziada na kiinua mgongo vinapigwa kwenye msingi, si kwenye posho. Waambie hela yote iwe msingi. Nyumba na chakula watoe juu yake."

"Watakata simu."

"Waambie."

Akawaambia. Safari hii meneja alicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. "Fundi, nimeajiri watu wengi. Hakuna aliyewahi kunibana hivi. Subiri."

Ukaanza muziki wa kusubirishwa. Mama akasonya, akageukia ukutani. Fundi akahisi kifua kinafunguka. Hapa pamekwisha, watamkataa, na hakuna atakayemwita mwoga. Alipomtazama mkewe alimkuta amefumba macho, midomo ikichezacheza. Alikuwa anaomba. Fundi aliumia. Kumbe mtu anaweza kumwombea mumewe aondoke hivi hivi, mchana kweupe, mbele yake!

Muziki ukakatika. "Wakubwa wamekubali," meneja akasema. "Lifti za hospitali zimekwama, wagonjwa wanabebwa mgongoni, hatuna ujanja. Kuna lingine?"

Mkewe alikibonyeza kitufe kwa nguvu mpaka simu ikateleza. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Fidia. Wakibadili mawazo wakulipe mshahara wa mwaka mzima."

"Mwaka?" fundi akashtuka. "Wewe, si inatosha!"

"Mwaka mzima, nimesema!"

Fundi alimkodolea macho. Hasira zikampanda, na kwa hasira hizo akalirudia sharti lile neno kwa neno, akitumaini kwamba sasa hata mwenye shida ya lifti atachoka.

"Sawa," meneja akajibu pale pale. "Ila iwe pande zote mbili. Na wewe ukirudi nyuma, utatulipa hivyo hivyo. Maongezi haya yanarekodiwa. Ukisema nakubali tumefungana, na tiketi inatumwa leo. Unakubali?"

Fundi akamgeukia mkewe, akimpa nafasi ya mwisho. Atikise kichwa tu, basi. Mkewe alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka. Furaha imemzidi, fundi akawaza, akaiinamia simu.

"Nakubali."

Simu ikakatika. Mama akaruka na vigelegele vyake vyote, akatoka mbio kwenda kuwapa majirani habari, mlango akauacha wazi.

Fundi aliinama akamtoa mtoto chini ya meza, akampakata. Hakumtazama mkewe.

"Haya, hela yako umeipata," akasema. "Mimi mwenzio tangu mwanzo nilikuwa naomba wanikatae."

Mkewe akashusha mikono. Mashavu yalikuwa yamelowa.

"Na mimi," akasema. "Ulidhani yale masharti yote yalikuwa ya nini?"