Kizingiti Changu

Siku hizi mvua ikizidi, mfereji wa mtaa hupima vizingiti vyetu vyote, kisha humwaga maji yake katika nyumba moja tu: ile yenye kizingiti kifupi kuliko zote. Zilizobaki hukaa kavu. Ndiyo sheria, na tumeizoea.

Jana haikuwa zamu yangu. Kizingiti nilikijenga kwa mikono yangu, nikakisakafia na kukipaka lami, na leo asubuhi nimefagia vumbi sebuleni. Vumbi, baada ya mvua ile! Nikasimama mlangoni watu wanione.

Jirani yangu Bi Mgeni akaja, khanga imelowa hadi magotini, kunirudishia sahani yangu. Hakuirudisha tupu, alitia vitumbua vya moto.

"Hongera, shoga. Umetushinda."

"Ahsante. Pole na maji."

"Nishapoa. Mume wangu anaongeza safu mbili za matofali leo."

Nikamsifu sana, nikamsindikiza hadi barazani. Kisha, kitumbua chake bado mdomoni, nikazunguka uani kukoroga saruji ya safu tatu, polepole, beleshi lisisikike kwake.