Mwaka Ambao Haujafungwa

"Papa, kadi hii ilisha kufa," Emerance alisema, akairudisha juu ya kaunta kwa ncha za vidole viwili.

"Kufa? Soma tena, mutoto wangu. Soma mpaka chini."

Emerance akasoma. Jina: Lutula Omari Félicien. Picha: kijana mwembamba mwenye kichaka cha nywele. Mtu aliyesimama mbele yake alikuwa na nywele tano, labda sita ukihesabu na ya sikioni. Na pale pa kuandikia muda wa kadi hapakuwa na tarehe. Palipigwa taipu kwamba kadi ni halali mpaka mwaka wa masomo 1997–1998 utakapofungwa rasmi.

"Sasa unionyeshe karatasi iliyoufunga," akasema Papa Félicien. "Vita vilitukuta kabla ya mitihani. Wanafunzi walikimbilia Kibombo, na walimu walikuwa mbele yao. Mwaka ule iko wazi mpaka leo. Mwanafunzi njo mimi."

Watu kwenye foleni wakacheka. Mama Pélagie, muuza mikate ya muhogo ya chikwangue, hakujizuia. "Eh, Papa! Uachie watoto wako kiti darasani!"

"Watoto wangu walisha kumaliza, mama. Wanalipa bei nzima, maskini."

Emerance peke yake hakucheka. Alikuwa na wiki mbili tu kazini. Duka liliuza mega za intaneti na abonema ya kila mwezi ya televisheni, na bango la mlangoni liliahidi wanafunzi nusu bei. Mwenye duka, Mama Odette, aliishi Bukavu, lakini sauti yake ilifika Kindu kila asubuhi kwa simu: "Ukimpa nusu bei mwanafunzi wa uongo, unarudi kwenu kulima mpunga. Ukimfukuza wa kweli akanishitaki, unarudi vilevile." Na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa imrudishe Emerance mwenyewe chuoni mwezi wa kumi. Alikuwa ameacha masomo mwaka wa pili, kwa kukosa ada.

"Wengine wote wanakubali kadi hii?" akauliza.

"Wote. Mwenye mtumbwi ananivusha kwa nusu. Wa fotokopi, nusu. Kinyozi, nusu."

"Kinyozi iko na sababu yake," akasema Mama Pélagie.

Emerance aliigeuza kadi upande wa nyuma, akairudisha tena mbele. Muhuri ulikuwa wa kweli. "Nani anafungaka mwaka wa masomo, Papa?"

"Mkurugenzi Mkuu wa chuo, kule Alunguli, ng'ambo ya mto. Lakini usiende asubuhi. Mukubwa yule hafiki ofisini mbele ya saa sita. Asubuhi anakuwaka na shughuli zake huku mjini."

"Unamujua vizuri."

"Mwanafunzi asimujue mukubwa wake?"

"Basi umuombe akuandikie barua, uniletee hapa."

Papa Félicien akaonekana kuumia kidogo. "Hapana. Kujiombea barua si adabu. Uiombe weye, njo itakuwa na uzito." Nje, mwendesha pikipiki alikuwa akipiga honi na kuita, "Patron, tunachelewa!" Mzee akachukua kofia yake. "Nitapita kesho kuchukua mega zangu. Wakati wa vita, mutoto wangu, kuna watu walipata vyeo kabla ya kupata diploma. Mimi najiombea nusu bei tu."

Saa saba Emerance alifunga duka, akavuka mto kwa mtumbwi wa mota. Alilipa bei nzima.

Chuoni alimkuta Donatien, karani wa masomo, akila karanga juu ya rundo la mafaili. Alipoelezwa shida, hakushangaa. Alivuta faili lililofungwa kwa kipande cha kitenge, akapuliza vumbi.

"Hati ya kufunga mwaka ule njo hii. Iliandikwa amani iliporudi. Inakosa saini moja tu."

"Ya nani?"

"Ya Mkurugenzi. Wale wa kwanza walikataa, eti hawakuwa hapa mwaka ule. Huyu wa sasa alikuwa hapa, lakini kila nikimupelekea, ananiambia mambo ya historia hayataki haraka."

"Yaya Donatien, kaka yangu, nisaidie." Emerance aliegemea rundo la mafaili. "Achague moja. Asaini, mwaka ufungwe, nimukatalie yule mzee. Ao aandike kwamba mzee ni mwanafunzi kweli, nimupe nusu bei yake. Nikirudi mikono mitupu, kazi imekwisha, na masomo yangu pia."

Akamwandikia jina la mzee kwenye kipande cha karatasi. Donatien alilisoma, akashikwa na kikohozi kirefu, kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango nyuma yake.

Emerance alijiandaa kungoja mpaka jioni. Hata karanga zilizobaki mezani hakupata muda wa kuzitamani vizuri: mlango ulifunguka, na Donatien akatoka na barua ambayo muhuri wake ulikuwa bado haujakauka.

"Upesi hivi?"

"Mukubwa wetu anapenda wanafunzi," akasema Donatien, akitazama dari.

Emerance alishukuru mara tatu. Kazi imepona, mwezi wa kumi umepona. Pale mlangoni akaifungua barua, aisome kwa macho yake mwenyewe kabla ya kumpigia Mama Odette.

"Tunathibitisha kwamba Lutula Omari Félicien ni mwanafunzi halali wa chuo chetu, mwenye bidii na mwenendo mwema. Tunaomba apewe nusu bei popote atakapopita."

Chini palikuwa na saini yenye madoido mengi, na chini ya saini, kwa herufi kubwa: LUTULA OMARI FÉLICIEN, MKURUGENZI MKUU.